Taa nyekundu ni ya nani? Dereva, bodaboda na baiskeli kwenye mataa ya Mwanza

Muulize dereva yeyote wa Mwanza kama taa nyekundu lazima iheshimiwe, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Muulize tena saa sita usiku mkiwa naye kwenye mataa, barabara nyeupe pee, na jibu litaanza kuota matawi. Inategemea. Kama hakuna gari. Kama trafiki hayupo. Kama umebeba mgonjwa. Na mwenye baiskeli, aliyepita zamani akipiga kengele, hata hajui kwamba swali lilikuwa linamhusu.

Tuanze na sheria, maana hapo mambo si magumu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haimuulizi mtu ana haraka kiasi gani. Nyekundu ni kusimama, tena nyuma ya mstari mweupe, si juu yake wala juu ya zebra. Baiskeli ni chombo cha barabarani, na anayeiendesha anahesabiwa miongoni mwa waendeshaji. Wengi wanadhani kwa kuwa baiskeli haina namba ya usajili, na mwendeshaji hadaiwi leseni, basi taa imewekwa kwa ajili ya wenye injini. Sivyo. Kutodaiwa leseni hakumfanyi mtu kuwa mtembea kwa miguu. Kinachomfanya awe mtembea kwa miguu ni kushuka. Ukishuka ukaikokota baiskeli yako, unavuka pamoja na watembea kwa miguu, kwenye zebra na kwa zamu yao, kisha unapanda tena upande wa pili. Baadhi ya wazee wanaoleta mkaa mjini hufanya hivyo kila siku bila kufundishwa na mtu, na sheria haina neno nao.

Sheria hiyohiyo inajua kwamba taa si neno la mwisho. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliweka utaratibu ambao nchi nyingi zinaufuata: mkono wa askari wa usalama barabarani unaishinda taa, na taa inaishinda alama iliyosimikwa kando ya barabara. Kwa hiyo trafiki wa shati jeupe akisimama katikati ya njia panda jioni na kukupungia mkono upite huku nyekundu inawaka, unapita, na hukuvunja chochote. Ukibaki umesimama unaitazama taa, wewe ndiye mwenye kosa. Vilevile gari la wagonjwa, la zimamoto na la polisi, likiwa kazini na king'ora kikilia, linaruhusiwa kupita nyekundu, ila nalo linatakiwa kuhakikisha kwanza kwamba njia ni salama. Ruhusa hiyo ni ya gari lenyewe. Haimwangukii dereva wa Noah anayejibandika nyuma ya gari la wagonjwa ili ateleze nalo mpaka hospitali ya Bugando.

Upande wa faini, bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Kwa bodaboda wengi elfu kumi bado inakaribia hesabu ya siku anayompelekea mwenye pikipiki, kwa hiyo si pesa ndogo. Lakini faini inamhusu aliyekamatwa tu. Hailielezi tatizo lenyewe.

Njano ndiyo inayoleta ugomvi

Taa hizi zilizaliwa relini. Mwaka 1868 meneja wa reli, John Peake Knight, alisimamisha mlingoti mbele ya Bunge la Uingereza, London, wenye taa za gesi za rangi nyekundu na kijani alizozizoea kwenye treni. Wiki chache baadaye, Januari 1869, gesi ililipuka ikamjeruhi polisi aliyekuwa akiuendesha, na mradi ukafa. Umeme ulikuja kuchukua nafasi ya gesi Marekani katika muongo wa 1910, lakini bado rangi zilikuwa mbili. Ilikuwa ni simama au nenda, basi. Mwaka 1920 polisi wa Detroit, William Potts, ndiye aliyeingiza njano kwenye taa ya pande nne, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuendesha gari: gari lililo kwenye mwendo haliwezi kusimama papo hapo eti kwa sababu taa imebadilika.

Hesabu yake ni hii. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mjini, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inapotea kati ya jicho kuona na mguu kufika kwenye breki. Daladala lililojaa, likiwa na breki za kawaida, linahitaji mita nyingine kama 19 mpaka litulie. Jumla mita 33. Njano ya sekunde 3, ambayo ni ya kawaida kwa barabara za mwendo huo, inampa dereva mita 42. Maana yake, aliye mbali na mstari zaidi ya mita 33 anaweza kusimama, aliye ndani ya mita 42 anaweza kuufikia mstari kabla ya nyekundu, na hakuna anayenaswa katikati. Aliyepanga taa amefanya kazi yake.

Sasa mpe dereva huyohuyo kilomita 80. Kusimama kunamtaka mita 71. Njano ileile inampa mita 66. Hapo kuna kipande cha barabara ambacho akikutwa nacho hawezi kusimama kabla ya mstari wala kuuwahi. Atapita nyekundu hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Atakuapia kwamba taa ilimbadilikia ghafla, na kwa macho yake hasemi uongo. Ila kosa alilitenda mita mia mbili nyuma, alipokanyaga mafuta kutoka Mabatini akidhani taa ndilo jambo pekee la kuangalia.

Mwanza hili linauma kuliko kwingine kwa sababu ya jinsi mji ulivyobanwa. Ziwa upande mmoja, miamba upande mwingine, na barabara kubwa za kutokea mjini ni tatu tu: Nyerere inayoelekea Musoma, Kenyatta inayoelekea Shinyanga, na Makongoro inayoelekea uwanja wa ndege. Kila anayetoka Nyakato, Buhongwa au Pasiansi lazima apite njia panda zilezile. Dereva anajua kwamba akikosa taa hii atakaa, na nyuma yake konda anagonga bati la mlango. Ndiyo maana njano, iliyotungwa kumwambia mtu asimame kama anaweza, hapa inasomwa na wengi kama kengele ya mwisho ya kuwahi.

Upande wa pili wa njia panda kuna bodaboda. Siku moja simama pembeni uwaangalie macho. Hawaitazami taa yao. Wanaichungulia ya wale wanaokatiza mbele yao, na wakiona kule njano imewaka, gia ya kwanza inaingia na pikipiki inaanza kutambaa juu ya zebra. Kule ikiwa nyekundu, huku bado nyekundu, wao wameshatoka. Wanaujua mzunguko wa taa kuliko fundi aliyeifunga. Kati ya nyekundu ya huku na kijani cha kule, taa nyingi hupangwa ziwe na sekunde moja au mbili ambapo pande zote ni nyekundu, ili aliyechelewa amalize kupita. Sekunde hizo zinatosha kusamehe kosa la mtu mmoja. Haziwezi kusamehe mawili kwa mpigo. Daladala linalowahi njano linakutana na bodaboda anayewahi kijani, katikati, na kila mmoja ana uhakika kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa.

Hoja inayotolewa sana na wanaopita nyekundu ni hii: niliangalia, hakukuwa na mtu. Inaonekana hoja nzito, lakini inakosea mahali pa kuanzia. Taa nyekundu yako ni ahadi aliyopewa mtu mwingine. Mwenye kijani ameambiwa kwamba njia ni yake, na amepanga mwendo wake akiamini hivyo. Kwenye njia panda isiyo na taa kila mtu anakuja polepole, shingo ndefu, anategemea kuona. Kwenye mataa hategemei kuona, anategemea kuahidiwa. Ndiyo sababu kugongwa kwenye mataa huwa kwa ubavuni na kwa mwendo mkubwa. Wewe uliyeangalia ukaona hakuna mtu uliangalia kwa macho yako tu, na macho yako hayaoni mtoto aliye nyuma ya lori wala pikipiki isiyo na taa ya mbele inayotokea gizani.

Na baiskeli je?

Hapa ninaanza kusitasita, na nadhani ni haki kusitasita. Ukichukua gari la kilo 1,500 kwenye kilomita 50 kwa saa, na baiskeli ambayo pamoja na mwendeshaji wake ina kilo 100 ikienda kilomita 15, nishati ya mgongano ya gari ni karibu mara 167 ya ile ya baiskeli. Mwenye baiskeli akikosea, mara nyingi anayeumia ni yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Wanaouawa ni wengi, lakini wanaoua kwa baiskeli ni wachache mno. Kumwekea mtu wa baiskeli ya Phoenix sheria ileile kama dereva wa fuso, herufi kwa herufi, si lazima iwe ndiyo haki.

Halafu kuna jasho. Muangalie mtu aliyefunga magunia mawili ya mkaa kwenye keria anavyosimama kwenye taa iliyo chini ya kilima. Hawezi kushusha miguu yote miwili. Mmoja unakanyaga ukingo wa barabara, mwingine umebaki kwenye pedeli iliyo juu, na mikono inahangaika na usukani ili mzigo usimpindue. Kijani kikiwaka anasimama wima juu ya pedeli, baiskeli inayumba kushoto, kulia, kushoto, na nyuma yake honi zimeshaanza. Mita kumi za kwanza ndizo za hatari kuliko zote kwake, na taa imemlazimisha azipite akiwa amezungukwa na magari yote yaliyokuwa yakisubiri pamoja naye.

Hatari mbaya zaidi iko ubavuni mwa lori. Mwenye baiskeli anapita kushoto mpaka mbele, anasimama sambamba na mlango wa abiria wa lori, pale ambapo dereva akikaa kwenye kiti chake hamuoni hata kwa kioo. Kijani kinawaka, lori linakata kushoto, na tairi la nyuma linakata kona fupi zaidi kuliko la mbele. Hapo mwenye baiskeli hajavunja sheria yoyote. Angekuwa ameruhusiwa kuondoka sekunde tano kabla ya lori, angekuwa ameshavuka. Kuna miji ya Ulaya iliyoliona hili, ikaweka mstari wa kusimamia baiskeli mbele ya ule wa magari, na mingine ikaweka taa ndogo ya baiskeli inayotangulia kuwa kijani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1982 limekuwa na sheria yake: mwenye baiskeli akifika kwenye alama ya Simama anaruhusiwa kupunguza mwendo na kupita kama njia ni salama, na kwenye taa nyekundu anasimama kwanza, anaangalia, kisha anapita. Delaware ilipotunga ya kwake mwaka 2017 iliruhusu kwenye alama za Simama tu, taa ikaiacha ilivyo. Paris walichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2012 walijaribu kibao kidogo cha pembetatu chini ya taa, kinachomruhusu mwenye baiskeli kukata kulia au kwenda moja kwa moja kwenye nyekundu, mradi awapishe watembea kwa miguu, na mwaka 2015 wakakieneza kwenye njia panda nyingi. Ujerumani Mashariki iliweka mwaka 1978 mshale wa kijani wa bati unaoruhusu kukata kulia kwenye nyekundu; baada ya Ujerumani kuungana ulikubaliwa nchi nzima mwaka 1994, na mwaka 2020 ukaongezwa wa baiskeli peke yake.

Paris na Ujerumani wanafanana kwa jambo moja ambalo naliona la maana kuliko rangi ya kibao: ruhusa imefungwa kwenye njia panda yenyewe. Mtu amekwenda pale, amepima upana wa barabara, ameangalia watu wanavukia wapi, akaamua kwamba hapa inafaa na pale haifai. Na kibao kinasomwa na wote. Dereva, mtembea kwa miguu na trafiki wote wanajua kwamba baiskeli inaweza kutokea. Anayejipa ruhusa mwenyewe anaijua peke yake.

Ruhusa hii ikitolewa kwa magari hadithi inabadilika. Marekani, baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970, sheria ya nishati ya mwaka 1975 ilizisukuma serikali za majimbo ziruhusu magari kukata kulia kwenye nyekundu ili yasiunguze mafuta bure. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaonyesha kwamba ajali za watembea kwa miguu na wenye baiskeli kwenye njia panda hizo ziliongezeka. Sababu ni shingo ya dereva. Anageuka kuangalia kule magari yanakotokea, na anayevuka kwa miguu anatokea upande mwingine. Jiji la New York limeendelea kukataza hadi leo, isipokuwa pale kibao kinaporuhusu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo igeuze: dereva anayekata kushoto kwenye nyekundu macho yako kulia, na kushoto kwake ndiko aliko mama wa ndizi, mwanafunzi, na bodaboda anayepenya kati ya gari na ukingo. Sioni njia panda hata moja katikati ya Mwanza ambapo ningempa dereva ruhusa hiyo.

Kwa baiskeli ningeitoa, lakini kwa masharti: kukata kushoto tu, baada ya kusimama kabisa, kwenye njia panda zilizowekwa kibao, na watembea kwa miguu wapite kwanza. Mpaka kibao kiwepo, nyekundu ni nyekundu hata kwa mwenye magunia. Kwenda moja kwa moja kukatiza barabara kama Nyerere saa kumi na mbili jioni sitaki hata kuliwazia.

Bodaboda watasema, na sisi je? Pikipiki haimo katika hoja hii. Haichoki kuondoka, inafika kilomita 50 ndani ya sekunde chache, na mara nyingi imebeba abiria ambaye hakuulizwa kama anataka kujaribu bahati. Wepesi wa kupenya kati ya magari hauigeuzi kuwa baiskeli. Kinachowahusu kweli bodaboda ni ule mstari wa mbele. Wakitengewa nafasi yao rasmi mbele ya magari, hawatakuwa na sababu ya kujazana juu ya zebra.

Taa ikigoma, na usiku wa manane

Zipo taa ambazo hazibadiliki. Nchi nyingine taa huongozwa na nyaya zilizofukiwa chini ya lami zinazohisi chuma cha gari, na baiskeli au pikipiki ndogo huenda isihisiwe kabisa. Kuna majimbo ya Marekani yaliyoruhusu wenye vyombo hivyo wapite wakishasubiri vya kutosha. Kama taa imeganda kwenye nyekundu na mizunguko imepita pande nyingine bila zamu yako kufika, umeshajua kwamba ni mbovu. Hakuna mtunga sheria aliyekusudia ulale pale. Unapita kama unavyopita kwenye alama ya Simama: umesimama kabisa, umeona pande zote, unakwenda kwa mwendo wa mguu. Taa inayochukua dakika mbili si mbovu, ni ndefu tu.

Usiku wa manane dereva wengi wanaogopa kusimama peke yao mahali penye giza, na hofu hiyo siibezi, hasa kwa mwanamke aliye peke yake. Dawa yake iko kabla ya taa. Ukiiona nyekundu kwa mbali, punguza mwendo mapema ufike inapobadilika, gari likiwa bado linatembea, milango imefungwa na vioo viko juu. Jiji nalo lina dawa yake: kuigeuza taa iwe njano inayometa baada ya saa fulani za usiku, kama inavyofanyika katika miji mingi ya Ulaya, ili kila anayefika ajue kwamba ahadi imesitishwa na sasa ni macho.

Gari la wagonjwa likikujia nyuma ukiwa wa kwanza kwenye nyekundu, king'ora kinalia, wengi huchanganyikiwa. Sogea ukingoni, panda hata ukingo wenyewe ikibidi na kama hakuna watu, lipe upenyo. Usijitupe katikati ya njia panda. Wenye kijani huenda wamelisikia gari la wagonjwa, lakini wewe hawakutegemei.

Umeme ukikatika na mataa yote yakazimika, ahadi zote zimefutwa kwa pamoja. Kwenye kipilefti unampisha anayetokea kulia kwako, na hilo halihitaji umeme, ndiyo maana kwenye mzunguko wa samaki pale mjini magari huendelea kuzunguka hata giza likiingia. Kwenye mataa yaliyozimika aliyekuwa na kijani dakika moja iliyopita hana haki kuliko wewe, na aliye kwenye barabara pana hana haki ya kuivamia njia panda kwa sababu tu ya ukubwa wa gari lake. Wote wanafika polepole, wanasimama, wanapitishana mmoja mmoja, mpaka trafiki afike aingie katikati.